Utelezi ulio ndani ya friji unatoka wapi?

Katika kazi yangu ya mikrobiolojia ya chakula, swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote: kama friji inapoza vizuri, ule utelezi juu ya nyama unatoka wapi? Na ule unaouhisi kidoleni ukipitisha nyuma ya mpira wa mlango?

Jibu linaanzia kwenye baridi yenyewe. Nyuzi 4 haziui bakteria, huwachuja tu. Wale waliozoea joto la mwili wa mnyama huzubaa na kuacha kuzaana. Wachache wanaoimudu baridi hubaki na chakula chote na nafasi yote. Kwenye nyama na maziwa, hao mara nyingi ni Pseudomonas: P. fragi, P. lundensis na P. fluorescens. Kwenye samaki utamkuta Shewanella putrefaciens, na kwenye nyama iliyofungwa bila hewa ya kutosha, Brochothrix thermosphacta.

Wanaimuduje? Fikiria mafuta ya mgando na mafuta ya maji yakiwekwa kwenye friji moja. Ya kwanza hukakamaa, ya pili huendelea kumiminika, kwa sababu asidi zake za mafuta zina mikunjo inayozuia zisishikamane. Ngozi ya seli ya bakteria imejengwa kwa mafuta pia. Baridi ikiingia, bakteria hawa huongeza asidi zenye mikunjo ili ngozi yao ibaki laini na kupitisha chakula. Wana pia protini maalumu za baridi, zinazozuia nakala za maagizo ya kijeni zisijikunje na kushindwa kusomeka. Basi wanaendelea kuzaana, polepole, lakini bila kusimama.

Sasa tuje kwenye kujenga utando, yaani ule utelezi wenyewe, sehemu inayonivutia zaidi. Bakteria anayeogelea huligusa bati la chuma cha pua na kushikilia kidogo tu. Maji yakipita kwa nguvu, anaondoka. Akiona panafaa, ndani ya seli huongezeka molekuli ndogo iitwayo saikliki-di-GMP, ishara ya kutulia. Katika P. fluorescens, ishara hiyo huilinda protini ndefu iitwayo LapA, iliyosimama juu ya seli kama gundi. Ishara ikishuka, kwa mfano fosfati inapoadimika, kimeng'enya fulani hukata LapA na seli inajiondokea. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado napenda usafi wa mpango huu: gundi na mkasi wake viko pamoja, vikisubiri amri.

Anayebaki huzaana palepale na kujizungushia ute wa sukari ndefu, protini na DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa. Huo ndio utando wa bakteria. Unashika maji, unanasa mabaki ya chakula na kuzuia dawa isifike chini. Juu ya nyama, wakifika takriban milioni 10 kwa kila sentimita ya mraba, harufu huanza, maana glukosi ya juu imewaishia na wamegeukia asidi amino, vijenzi vya protini. Wakikaribia milioni 100, ute unaonekana kwa macho.

Kwenye maziwa hasara ni ya kificho zaidi. Utando ukiwa ndani ya bomba au tangi la baridi, kila maziwa yanayopita hubeba seli kadhaa, nazo huzaana humo siku zote za kusubiri. P. fluorescens hutoa kimeng'enya AprX kinachokata protini za maziwa. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 humuua bakteria mwenyewe, lakini hata nyuzi 135 kwa sekunde chache haziimalizi AprX yote. Pakiti inatoka bila bakteria hai, kisha wiki kadhaa baadaye maziwa yanakuwa machungu au yanaganda. Ukiyapima wakati huo hutamkuta mhalifu. Alishakufa zamani, kisu chake kikabaki.

Ndiyo maana nawasihi watu waache kumwaga dawa juu ya uchafu. Klorini humaliza nguvu zake kwa kupambana na protini na mafuta ya juu kabla haijazifikia seli za chini. Suuza kwanza, paka sabuni ya alkali, sugua, suuza tena, ndipo uweke dawa. Kisha acha pakauke kabisa, kwani bila maji hakuna utando unaokua. Kusugua hakuna mbadala. Na bati lenye mikwaruzo ya visu libadilishwe: bakteria ana urefu wa mikromita 1 hadi 3, na mkwaruzo unaouona kwa macho ni bonde kubwa kwake.

Kuna chumba cha baridi nilichoitwa kukichunguza kwa sababu nyama ilikuwa inaharibika mapema. Sampuli za meza na kuta zilitoka safi mara mbili. Mara ya tatu niliomba mpira wa mlango ung'olewe. Kwenye mfereji wake, mahali ambapo brashi haikuwahi kufika, palikuwa na ute wa rangi ya maziwa, na juu yake matone ya mvuke uliogeuka maji yalikuwa yakidondokea rafu ya kwanza kila mlango ulipofungwa.