Mvua za masika na nyanya zangu: dhana potofu za bustani ya uani

Mvua za Machi zikianza hapa Dar es Salaam, kila mwenye kipande cha uwanja hushika jembe. Raha hiyo naijua. Ila mengi tunayoambiana uani yanatupotezea mbegu.

"Masika ndiyo wakati wa kupanda kila kitu."

Kwa miti, sawa: mwembe au mdimu uliopandwa mvua zinapoanza hushika mizizi bila kubebewa ndoo. Mboga ni habari nyingine. Mvua ya Aprili husomba mbegu za mchicha, na maji yakituama, miche huoza shina usawa wa udongo ikaanguka. Nyanya ndiyo huteseka zaidi. Matone yanayoruka kutoka ardhini hubeba vimelea vya bakajani hadi majani ya chini, na majani yakishinda yamelowa, ugonjwa hupanda mpaka kileleni. Mwaka mmoja niling'oa tuta zima mwezi Mei, matunda yangali mabichi, niliumia sana.

Siku hizi nasia mbegu kitaluni mwezi Mei, chini ya chanja ya makuti, kisha nahamisha miche Juni, kusi likivuma na usiku umepoa. Kipupwe ndicho msimu wa nyanya, sukuma wiki na spinachi huku Pwani. Ubaridi wa usiku husaidia maua ya nyanya kushika. Joto la Januari na Februari huyapukutisha. Kiangazi hicho naziachia bamia, zinazolipenda jua.

"Ukimwagilia mchana, matone huchoma majani."

Maji matamu hayachomi jani lisilo na vinyweleo, hukauka tu. Hasara ya mchana ni kwamba mengi hupotea hewani. Lakini mche ulionyauka saa saba, na udongo wake mkavu ukiuchokoa kwa kidole, upewe maji papo hapo.

Kinachochoma kweli ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, nayo yakikaukia jani, kingo zake hugeuka kahawia. Mwagia shinani.

"Jivu ni mbolea ya kila mmea."

Lina potasi na chokaa, halina naitrojeni, kwa hiyo mchicha uliopauka kwa njaa ya samadi hautapona kwa jivu. Kwenye udongo wa mawe ya matumbawe, ambao tayari umejaa chokaa, jivu huzidisha tatizo.

"Mpapai dume ukipigiliwa msumari utazaa."

Jinsia ya mpapai imo kwenye mbegu tangu mwanzo. Kuna madume ambayo hali ya hewa ikibadilika hutoa vipapai vichache vyembamba vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu, na msumari ukapewa sifa isiyo yake. Mti hupata kidonda tu.

Panda miche mitatu kwenye shimo moja, usubiri maua. Dume huning'iniza vishada virefu. Jike hutoa ua nono lililokaa karibu na shina. Mbegu za papai refu, lililotoka mti wenye maua ya jinsia zote mbili, mara nyingi hazileti dume kabisa. La duara ni la mti jike, na huo unahitaji chavua kutoka mti mwingine, basi ukiwa nao uani, dume moja la jirani usilipigie kelele likatwe.