Tabianchi si ya watu wa Gigiri peke yao

Nikisema afisa wa afya wa wadi ana kazi kwa haya mambo ya tabianchi watu wananicheka, ati hiyo ni ya UNEP, lile shirika la UN la mazingira huko Gigiri, yeye abaki na vyoo na buchari zake. Sawa, UNEP iko Nairobi tangu miaka ya sabini lakini kuzibua mtaro Mukuru si kazi yake. Katiba ya 2010 iliachia kaunti huduma za afya, takataka na madampo, kwa hivyo mvua ikizidi wa kuulizwa kwanza ni kaunti.

Halafu kuna ile ya "maji yakiwa meupe ni safi". Hapa ndio watu wanaumia. Mtaani paipu za plastiki zinapita ndani ya mtaro, sasa maji yakikatwa presha inashuka na paipu yenye ufa inavuta ule uchafu, yakirudi unajaza mtungi wako, maji hayana rangi hayana harufu kumbe kipindupindu kimo. Mafuriko nayo yanamwaga vyoo vya shimo kila mahali, tuliona Mathare mwaka wa 2024. Chemsha ama tia klorini. Na mtu akianza kuhara maji meupe kama ya mchele mpe ORS, ile ya chumvi na sukari ya kukoroga na maji, mkienda kliniki, usingoje kukuche, hiyo kitu inaua kwa masaa tu.

Wale wa "Nairobi ni baridi, joto ni ya Mombasa", kujeni mshinde chini ya mabati mwezi wa pili na mtoto mchanga halafu tuongee.

Malaria? Ni kweli wengi wanaougua hapa wameitoa safarini. Lakini yule mbu wa stephensi, aina nyingine ya mbu wa malaria aliyeonekana Marsabit, anapenda mji na anataga kwa matangi ya maji. Funika tangi.

Na wahudumu wa afya ya jamii, kama laki moja walipewa vifaa 2023, wengi wanadhani ni wa kugawa dawa ya minyoo. Hao ndio wanajua shosho gani hawezi kutembea na nani ni mjamzito, idara ya hali ya hewa ikitangaza mvua kubwa nani mwingine atabisha huo mlango? Kwa ploti yetu mama mmoja wao alipita mapema, akasema mtaro uzibuliwe na mitungi iinuliwe juu. Landlord akamuuliza siku hizi anasoma habari za hali ya hewa kwa TV gani.