Kurambaza ni nini?

Siku hizi neno hili watu wanalikuta zaidi kwenye skrini kuliko baharini: fungua Wikipedia ya Kiswahili na pembeni utaona "Urambazaji", yaani kutafuta njia kati ya kurasa. Lakini wavuvi wanalijua kwa maana nyingine. Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, chambo kikiogelea karibu na uso wa maji. Hakuna chubwi la kukipeleka chini, wala hutii nanga ukangoja. Ngalawa ikisimama, na uvuvi umesimama.

Wanaotafutwa ni samaki wa juu, wale wanaowinda mbio: nguru, jodari, sehewa, kolekole, mzia. Hawa huwinda kwa macho, kwa hiyo chambo si lazima kiwe nyama. Manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoana yanatosha, ila kufunga kwenyewe ndiko kunakowashinda wengi.

Chagua manyoya laini ya shingoni, uyafunge kwa uzi imara chini kidogo ya tundu la ndoana, ukiyazungusha pande zote sawasawa. Yakizidi upande mmoja, chambo kitazunguka kama pia kikikokotwa, na mshipi utajisokota mpaka ukiulegeza unajifunga mafundo wenyewe. Manyoya yapite pindo la ndoana kwa upana wa kidole kimoja, si zaidi. Ukiyaacha marefu, samaki hung'ata mkia, akang'oa unyoya na kwenda zake. Wewe unahisi mtikiso tu mkononi. Kabla ya kuuachia mshipi, kikokote chambo ubavuni mwa chombo ukitazame. Kinatakiwa kwenda moja kwa moja, manyoya yakifumba na kufumbua.

Hila hii ya unyoya haipo kwetu tu. Katika mito ya kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, hutoka mdudu wa majini ambaye wenyeji wamempa jina la mwezi wa Mei. Hukaa kwenye tope la mto kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha huibuka na mabawa, akaishi siku moja au mbili bila kula chochote. Trauti, samaki wa maji baridi, huwashika kwa wingi wakati huo, na mara nyingi hakigusi chakula kingine. Mvuvi wa kule hufunga manyoya yakafanana na mdudu huyo kwa ukubwa na umbo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: unyoya wake unapaswa kuelea na mkondo bila kuvutwa, kwani ukikokotwa hata kidogo trauti anashtuka. Kwetu, kukokotwa ndiko kunakoupa uhai.

Mshipi wenyewe ni nailoni nene, ya milimita 1 hivi. Unene huo ni kwa ajili ya viganja pia, maana nyembamba hukata nyama. Kwa nguru na mzia, weka waya wa nusu mita mbele ya ndoana. Meno yao hukata nailoni kama wembe. Kwa jodari ondoa waya, maana ana macho makali na huuona. Achia mita 30 hadi 50. Mwendo wa maili 4 hadi 6 za baharini kwa saa unafaa. Chambo kikirukaruka juu ya maji, umezidisha.

Alfajiri na magharibi ndizo saa nzuri, hasa kwenye kingo ambapo mwamba unashuka ghafla kilindini, kama upande wa magharibi wa Pemba kuelekea mkondo unaokitenga kisiwa na bara. Ukiona membe, ndege wa baharini, wanajitupa majini, chini yao kuna dagaa wanaofukuzwa. Hapo ndipo pupa inapoharibu kazi: mtu anakata katikati ya kundi na chombo chake, na samaki wote wanazama. Pita pembeni, uzunguke, mshipi ndio uguse ukingo.

Samaki akishika, usiuache mshipi ulegee hata kidogo. Ndoana hutoka papo hapo. Vuta mkono kwa mkono, na akikimbia muachie uteleze vidoleni. Kamwe usiuzungushe mkononi. Nguru mkubwa anaweza kukukata kidole au kukutia majini.

Samaki wa kwanza mpasue tumbo pale pale chomboni uone amekula nini. Ukikuta dagaa wa urefu wa kidole, na unyoya wako una urefu wa shubiri, weka ndoana ndogo na ufunge upya kabla ya kuurudisha mshipi majini.