Gamba si ugonjwa wa mti

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mwenye mwembe akielezwa dukani kwamba mti wake una “ugonjwa wa magamba”, kisha akauziwa dawa ya ukungu. Ugonjwa huo haupo. Vile vidoa vyeupe au vya kahawia vilivyoganda kwenye majani na vijiti ni wadudu gamba, jamaa wa vidung’ata wa mihogo, wanaofyonza utomvu wa mmea.

Kinachopotosha ni neno lenyewe. Gamba la samaki ni sehemu ya samaki, na nyoka akijivua gamba huliacha njiani akaenda zake, ndiyo maana wanasiasa wa Tanzania waliupenda sana msemo huo mwaka 2011. Mdudu gamba mgumu, kama yule wa mwembe au wa mnazi, hufanya kinyume: ngozi anazojivua huzichanganya na nta ya mwilini mwake akajiezekea paa. Lichokonoe kwa ncha ya pini. Paa litanyanyuka peke yake, na chini yake, ikiwa ni mnazi, utamkuta jike mwenyewe, kipunje cha njano kisicho na miguu. Yule laini, kama yule wa kijani wa mti wa kahawa, gamba lake halibanduki kwa kuwa ndiyo ngozi ya mgongo wake. (Hata lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua, jina tulilolipata kwa Wareno, asili yake ni utando wa mdudu wa ukoo huu.)

Gamba laini hutoa maji matamu, sisimizi huyafuata na kumlinda anayeyatoa, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Huo ndio ukungu unaopuliziwa dawa, ilhali mwenye kuulisha ametulia upande wa chini wa jani, kandokando ya mshipa. Gamba gumu halitoi utamu huo. Mafuta ya kilimo au sabuni huwapata vizuri zaidi wadudu wachanga wanaotambaa, kabla hawajajiezekea, lakini sumu kali huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya wadudu hawa.

Basi, ndugu muuzaji, ukiletewa jani la namna hiyo, mwambie mteja kwamba mti wake una wadudu gamba, kisha umuulize kama ameona sisimizi.