Jebel Shams: Maji Hayabanwi

"Nimebakiza chupa mbili nzima!" Mgeni wangu mmoja aliniambia hivyo kwa fahari, midomo imempasuka, kichwa kinamgonga, kila hatua ishirini anatafuta jiwe la kukalia. Katika njia ya W4, ile ya kupanda Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba jangwani maji yanabanwa, mtu apige funda moja kwa saa ili yamfikishe mwisho.

Maji ya kwenye chupa hayapozi mwili. Kinachoupoza ni jasho, na jasho linatokana na maji uliyokwisha kunywa. Ukijinyima, damu hupungua, moyo unakwenda mbio, joto linapanda, na akili nayo inachoka: mtu anazipita alama za rangi kwenye mawe na kuelekea ukingoni mwa jabali huku anapiga soga. Wengine hunijibu, "Lakini mbona sijatoka jasho?" Umetoka. Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Pitisha kidole kwenye paji la uso, kisha ukilambe. Ndugu zetu wanaotoka Unguja na Dar, waliozoea shati kulowa mgongoni, ndio wanaodanganyika zaidi.

Mimi nahesabu nusu lita kwa saa msimu wa baridi, na zaidi jua likiwaka. Kwenda na kurudi ni saa nane hadi kumi, kwa hiyo lita 4 au 5 kwa kila mtu, na kila mtu abebe yake. Usitegemee kuchota njiani. Nusu ikiisha kabla hujafika, geuka. Ila kuna na wale wanaokunywa lita juu ya lita bila kula chochote chenye chumvi. Hao wanazimua damu, na hilo nalo huua. Bebeni karanga za chumvi. Tende peke yake haitoshi, ina sukari na potasiamu lakini sodiamu, ile ya kwenye chumvi, karibu hamna. Najua wenyeji wangu wa Al Hamra, mji wa chini ya mlima, watanigombeza kwa kuisema tende yao.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Jangwani ni joto." Jina lenyewe, mlima wa jua, linawapumbaza watu. Kilele kinakaribia mita 3,000, na kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka nyuzi kama 6. Mjini Nizwa, kule chini, watu wamevaa fulana, huku juu usiku wa Januari maji yanaganda. Jaketi la kuzuia upepo halina mjadala.

"Mimi nimepanda Kilimanjaro." Hongera. Kule wagumu walikubebea mzigo, mpishi akakuchemshia maji, ukagawiwa siku tano au zaidi. Hapa mpagazi ni wewe, na siku ni moja.

"Tutasimama juu kabisa ya Oman." Hamtasimama. Kilele cha kaskazini ni eneo la jeshi. W4 inaishia kilele cha kusini, kilicho chini yake kidogo tu. Korongo la Wadi Nakhr utaliona vizuri vilevile.

"Si ile njia ya kwenye picha?" Ile ni W6, inayoambaa ukingo wa korongo hadi kijiji kilichohamwa cha Sap Bani Khamis, karibu tambarare, saa tatu au nne kwenda na kurudi. Watu wanaiona mtandaoni kisha wanakuja W4 na kandambili.

"Kushuka ni kuteleza tu." Kwa magoti ya nani? Mawe ya chokaa yanacheza chini ya unyayo, na Desemba jua linazama saa kumi na moja na nusu hivi. Mimi natoka saa kumi na mbili alfajiri, na ikigonga saa sita mchana nageuka hata kama kilele kinaonekana. Mgeni mmoja alininunia njia nzima kwa sababu hiyo. Magoti yalimgomea katikati ya mteremko, na tulipofika kwenye gari ilibidi niwashe tochi kutafuta tundu la ufunguo.