Taa ya buluu haimzuii mbu dago

Wenzangu mnaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, ile taa ya buluu ya kuua wadudu kwa umeme, inayopiga "pá" usiku kucha, watu wanaiamini miaka sasa, eti kila mlio ni mbu mmoja kafa. Sio hivo. Mbu hakutafuti kwa mwanga, anafata pumzi unayotoa, harufu ya mwili na joto lako, taa anaipita tu anakuja mguuni. Asubuhi fungua kile kitrei cha chini utazame, utakuta nondo, kumbikumbi, vijidudu ambavo havina kosa na mtu. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walihesabu wadudu 13,789 waliouliwa na taa hizi, wanaong'ata walikuwa 31 tu!

Na betri je? Taa ya wati 20 kwa saa kumi inakula wati-saa 200, na betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 50, ya asidi, yaani wati-saa 600, ukitaka idumu usitoe zaidi ya kama nusu, wati-saa 300, kwa usiku, sasa simu na taa ya kuvulia utachaji na nini?

Bora feni ndogo ya volti 12, wati 5, iweke chini ielekee miguuni, mbu anaruka kwa udhaifu, upepo unamshinda na harufu yako inatawanyika. Taa ya kambi iwe ya manjano, isivute wadudu wengi. Kulala ni chandarua chenye dawa, pindo lichomekwe chini ya mkeka kweli kweli, maana usiku mtu akijigeuza likatoka kidogo tu basi wameshaingia.