Je, wajua kwa nini 027 ya Arusha hugeuka 23 ndani ya programu?

Msimbo wa simu za mezani wa Arusha na Moshi ni 027. Tuseme programu ya tiketi za basi inayotengenezwa Arusha kwa lugha ya Python ina faili la mipangilio la YAML, muundo wa kuandika mipangilio kwa maandishi ya kawaida, nalo linasomwa kwa maktaba ya PyYAML. Mstari wenye «msimbo: 027» utaingia kwenye programu kama 23, bila onyo lolote, ila 028 ya Mwanza, mstari unaofuata, itabaki 028.

Wengi huamini kwamba faili likisomeka vizuri kwa macho, mashine nayo italielewa vivyo hivyo, na ndiyo maana YAML, isiyo na msongamano wa mabano wala alama za kunukuu, hupendwa sana. Imani hiyo si sahihi. Mtu wa Arusha akiona 027 anajua ni simu kwa sababu anaishi hapa, ilhali mashine ina tarakimu tatu tu mbele yake. Alama za kunukuu zinazoonekana kuwa uchafu ndizo zinazoiambia kwamba haya ni maandishi, si hesabu.

Zikiondolewa, YAML hukisia. Ni kama karani wa vifurushi stendi ya Moshi anayepokea mzigo usioandikwa kitu, akautazama umbo na kuuandikia mwenyewe kilichomo. PyYAML hufuata toleo la 1.1 la YAML, la mwaka 2005, ambalo kwalo tarakimu zinazoanza na sifuri, zote zikiwa kati ya 0 na 7, ni namba za kuhesabia kwa nane: nane mbili na saba, yaani 23. Tarakimu 8 haimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo 028 hunusurika. Basi la saa 12:30 nalo husomwa 750, kwa kuwa 12 huzidishwa kwa 60 kisha ikajumlishwa 30, lakini 06:30 hubaki maandishi. NO, alama ya kimataifa ya Norwei, husomwa kama «no» ya Kiingereza na kuwa «si kweli».

Toleo la 1.2, la mwaka 2009, liliondoa mengi ya hayo, ingawa kwa kanuni zake za kawaida 027 bado hupoteza sifuri na kuwa 27. Na PyYAML imebaki kwenye 1.1.

JSON na TOML, miundo mingine ya kuandikia mipangilio, ni karani anayekataa mzigo hadi uandikwe: 027 isiyo na alama za kunukuu ni kosa, na faili halisomwi. JSON, hata hivyo, hairuhusu maelezo ya pembeni, na mipangilio isiyoeleza kwa nini thamani fulani ilichaguliwa humtesa anayeirithi. TOML, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013 na kufikia toleo la 1.0.0 mwaka 2021, inayaruhusu, japo vichwa vyake vya sehemu huchosha pale mipangilio inapopangwa ngazi juu ya ngazi. Kwa programu ndogo kama hiyo ya tiketi, ningechagua TOML. Panapolazimu YAML, kama kwenye Kubernetes au Ansible, zana za kusimamia seva, kila kinachokusudiwa kuwa maandishi kitiwe alama za kunukuu.

Namba za matoleo zitiwe alama hizo kokote, kwa kuwa 1.10 ikiachwa wazi husomwa kama desimali 1.1 hata ndani ya TOML.